Jasho la Jumamosi na Hesabu ya Chungu

Katika miji ya Afrika Mashariki imejengeka imani kwamba uzito wa mwili hupunguzwa barabarani, na kwamba mtu akishakimbia hadi fulana ikalowa jasho amejipatia haki ya kula apendavyo mpaka Jumamosi nyingine. Imani hiyo imekua sambamba na jambo jema, yaani kuenea kwa mazoezi ya hadhara: Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais wa Tanzania, alizindua kampeni ya kitaifa iliyoitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi, mwaka huohuo Jiji la Kigali lilianza kuzifunga baadhi ya barabara zake kwa magari, katika siku maalumu, ili watu watembee na kukimbia kwa nafasi, na leo ni vigumu kupita kando ya bahari jijini Dar es Salaam alfajiri ya mwisho wa wiki bila kukutana na kikundi cha mbio za pole chenye fulana za rangi moja na kiongozi anayeanzisha wimbo. Mbio hizo hazina ubaya wowote. Tatizo huanza saa mbili asubuhi, kikundi kinapokaa kwenye viti vya plastiki kuagiza supu, chapati mbilimbili na soda baridi, kila mmoja akiamini kwamba chakula hicho kimekwisha kulipiwa.

Kama kimelipiwa au la ni suala la hesabu, na hesabu hiyo ina kipimo chake. Kilokalori, ambayo katika mazungumzo ya kila siku huitwa kalori tu, ni kiasi cha nishati kinachotosha kupandisha joto la kilo 1 ya maji kwa nyuzi 1 ya Selsiasi. Miongoni mwa waliokihamisha kipimo hicho kutoka maabara hadi mezani ni mkemia wa Kimarekani Wilbur Atwater, aliyefariki mwaka 1907, ambaye pamoja na wenzake katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, jimboni Connecticut, alijenga chumba kidogo kilichozibwa kila upande, akamweka mtu humo kwa siku kadhaa akila, akilala na kukanyaga baiskeli isiyokwenda popote, huku joto analolitoa na hewa anayoipumua vikipimwa. Kazi yake ndiyo iliyoacha namba zinazotumika hadi leo: gramu 1 ya protini, yaani kirutubisho kinachojenga misuli na kupatikana kwa wingi katika samaki, nyama, mayai na kunde, hutoa kilokalori 4, gramu 1 ya wanga, unaopatikana katika nafaka, mizizi na sukari, hutoa 4 vilevile, gramu 1 ya kileo hutoa 7, na gramu 1 ya mafuta, yawe ya alizeti, ya mawese, ya nazi au ya samli, hutoa 9. Namba hizo nne zinaeleza sehemu kubwa ya yale yanayowasumbua watu wanaotaka kupungua, ingawa wengi wao hutumia fedha nyingi wakitafuta maelezo mengine.

Mtu mwenye kilo 80 akikimbia hutumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita, kwa hiyo kilomita 5 humgharimu 400 hivi, na sehemu ya hizo angezitumia hata angebaki kitandani, kwa kuwa moyo, ini, figo na ubongo havijui mapumziko. Chapati mbili zilizosukumwa na kuchomwa kwa mafuta, kila moja ikiwa na gramu 100 hivi, zinakaribia 600. Soda ya mililita 300 huongeza kama 130. Na supu huongeza kadiri mafuta yanavyoelea juu ya bakuli. Mkimbiaji huyo hurudi nyumbani akiwa na ziada inayozidi kilokalori 300 kuliko alivyoondoka, tena akiwa na sababu ya kulala mchana kutwa kwa uchovu. Angelala hadi saa tatu akanywa chai ya rangi isiyo na sukari, mizani ingemhurumia zaidi.

Sababu ya mazoezi kushindwa kulipia chakula hicho imo katika namna mwili unavyogawanya matumizi yake. Kwa mtu asiyefanya kazi nzito, asilimia 60 hadi 70 ya nishati ya siku hutumika katika umetaboli wa mapumziko, yaani kazi ya kuuweka mwili hai ukiwa umetulia. Takriban asilimia 10 hutumika kukisaga na kukifyonza chakula chenyewe. Na kinachosalia ndicho kinachogawanywa kati ya kufua, kupanda ngazi, kusimama ndani ya daladala na mazoezi rasmi. Ni mfuko mdogo, na anayeutegemea peke yake kulipia deni la jikoni atahitaji miguu ya mwanariadha wa mbio ndefu wa Iten, Kenya.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote dhidi ya imani hiyo ya barabarani ulitoka kando ya Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, wanakoishi Wahadzabe, mojawapo ya jamii chache zilizobaki duniani ambazo baadhi ya watu wake bado wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Mwaka 2012 mwanaanthropolojia Herman Pontzer na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima watu wazima 30 wa jamii hiyo kwa kutumia maji yenye alama, yaani maji ambayo atomi zake za haidrojeni na oksijeni ni nzito kuliko za kawaida lakini hazina mionzi wala madhara. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji pekee, kama vile mkojo na jasho, ilhali oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa hewa chafu anayoitoa mtu puani. Tofauti ya kasi ya kutoka kwa vitu hivyo viwili ndiyo inayomwonyesha mtafiti kiasi cha nishati kilichotumika, bila ya kumfungia mtu chumbani kama alivyofanya Atwater. Wanaume wa Kihadzabe walikuwa wakitembea wastani wa kilomita 11 kwa siku na wanawake karibu kilomita 6, na kila mtu aliyesoma takwimu hizo alitarajia kuona matumizi makubwa mno ya nishati. Yaliyopatikana ni kilokalori 2,650 hivi kwa mwanamume na 1,880 hivi kwa mwanamke, na ukubwa wa mwili ulipozingatiwa hakukuonekana tofauti ya maana kati yao na Wamarekani na watu wa Ulaya wanaokaa kwenye viti kuanzia asubuhi hadi jioni.

Pontzer ameyafasiri matokeo hayo, pamoja na mengine aliyoyapata baadaye katika nchi tano zikiwemo Ghana na Afrika Kusini, kwamba mwili unaozoea kazi nyingi hubana matumizi yake mahali pengine, kama mama wa nyumbani apunguzavyo fungu la mboga nauli inapopanda. Wapo wanasayansi wanaobishana naye juu ya ukubwa wa ubanaji huo, na mjadala haujafungwa. Lakini hata wapinzani wake hawadai kwamba wembamba wa Mhadzabe unatokana na tanuri linalowaka zaidi ndani yake kuliko la mkazi wa Sinza, Dar es Salaam, au Eastleigh, Nairobi. Kinachowatenganisha zaidi ni kile kinachoingia mdomoni: mizizi yenye nyuzinyuzi nyingi kiasi kwamba hutafunwa na makapi yake kutemwa, matunda ya porini, ubuyu, nyama ya mawindo, na asali, ambayo ndiyo pekee katika orodha hiyo inayolika haraka, nayo ina nyuki wa kuilinda.

Haifai kuyasoma maelezo hayo kama hukumu dhidi ya mazoezi, kwa kuwa faida zake zinathibitika hata pale mizani inapokataa kusogea. Msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu na kuupunguzia mzigo kongosho. Shinikizo la damu hushuka. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo, ambayo ni hatari kuliko yale ya chini ya ngozi, hupungua. Na usingizi huwa mzuri. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, jambo linalomaanisha kwamba Jumamosi moja ya pili ya mwezi ni sherehe nzuri tu. Zaidi ya hayo, mtu anayepunguza chakula bila kuitumia misuli yake hupoteza misuli pamoja na mafuta, na ndiyo maana kuinua vitu vizito, hata kama ni ndoo za maji au dumu lililojazwa mchanga, kunastahili nafasi kando ya mbio. Katika rejista ya Wamarekani waliopungua uzito na kuudumisha, iliyoanzishwa mwaka 1994, wengi wa walioandikishwa hufanya mazoezi ya karibu saa nzima kila siku. Mazoezi, basi, hulinda uzito uliokwisha kupungua vizuri zaidi kuliko yanavyoupunguza, na mtu aliyeelewa tofauti hiyo hukata tamaa mara chache.

Lakini mtu akishakubali kwamba kazi kubwa iko jikoni, hukutana na ugumu ambao vitabu vya kigeni na programu za simu haviuoni, kwa sababu viliandikwa kwa ajili ya watu wengine. Hesabu ya kalori, tangu chumba cha Atwater, inamchukulia mlaji kuwa mtu mmoja mwenye sahani moja, anayekula chakula kilichotoka kwenye pakiti yenye maandishi madogo ubavuni. Anachotakiwa kufanya ni kusoma, kujumlisha na kujizuia. Mlaji wa Tanga, wa Kisumu au wa Bujumbura hula kutoka kwenye chungu kimoja pamoja na watu watano au wanane, pengine katika sinia moja ambalo halina mpaka kati ya tonge lake na la jirani yake, na chakula chenyewe kimepikwa na mtu mwingine kwa kipimo cha jicho na mkono. Kumwambia mlaji huyo asile zaidi ya kilokalori 1,800 ni kumpa ushauri asioweza kuutekeleza bila kujitenga na jamaa zake, na kujitenga mezani, katika jamii ambayo mgeni hukaribishwa kabla hajaulizwa shida yake, ni gharama ambayo wachache wako tayari kuilipa. Tanzania ina majedwali ya virutubisho vya vyakula vyake tangu mwaka 2008, na Kenya ilichapisha yake mapya mwaka 2018, lakini yote yameandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wataalamu, na yeyote anayeshika mwiko anaweza kuzeeka bila kujua kwamba yapo.

Njia iliyo wazi zaidi ni kukihamisha kipimo kutoka kwenye sahani hadi kwenye chungu, na ndani ya chungu kukianzia kwenye mafuta. Sababu ni ile namba 9. Kijiko kikubwa cha chakula cha mafuta kina gramu 14 hivi na karibu kilokalori 120, na hakijazi tumbo hata kidogo; hakuna mtu aliyewahi kusema ameshiba kwa sababu vitunguu vilikaangwa kwa vijiko sita badala ya viwili. Chukua chungu cha maharage ya familia ya watu watano. Mpishi huinamisha dumu juu ya sufuria iliyopata moto, huhesabu moyoni hadi mafuta yafunike sehemu ya chini yote, na kwa kawaida hutoka mililita 150, ambazo hulingana na vijiko kumi hivi. Vitunguu huingia, nyanya hufuata, na baada ya dakika kumi mafuta huanza kujitenga na rojo na kupanda juu, rangi ya machungwa, jambo ambalo mpishi mwenyewe hulichukulia kuwa dalili kwamba nyanya zimeiva. Mililita hizo 150 zina kilokalori zipatazo 1,240, yaani karibu 250 kwa kila mlaji kabla punje moja ya maharage haijahesabiwa. Mtu mwenye kilo 70 huhitaji saa nzima ya kutembea kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa ili azitumie. Chungu hichohicho kikikaangiwa kwa vijiko vitatu, na maji kidogo yakinyunyizwa kila vitunguu vinapotaka kushika, kitamgharimu kila mmoja kilokalori 70 hivi, na maharage hayatapoteza ladha iwapo chumvi, tangawizi na pilipili hoho havikusahauliwa. Tofauti hiyo ya kilokalori karibu 180 kwa kila mtu imepatikana katika chungu kimoja, kwa kitendo kimoja, bila ya mtu yeyote kula tonge moja pungufu.

Ugumu ni kwamba mafuta mengi yamekuwa lugha ya ukarimu. Mchuzi usioelea mafuta huhesabiwa kuwa wa uchoyo au wa shida, na mwenyeji anayempikia mkwe hawezi kuthubutu kuuandaa. Hapa pana kinaya kinachostahili kutazamwa kwa karibu, nacho ni kwamba aliyekuwa akinunua mafuta ya kupima kwenye duka la mtaani, katika kifuko kidogo cha nailoni kilichofungwa fundo, alijua barabara kiasi anachotumia kwa siku, kwa sababu kifuko kikiisha hakuna kingine hadi kesho. Siku kipato kilipoongezeka akanunua dumu la lita 5, bei ya kila lita ilishuka, akaonekana kuwa na akili ya biashara, na kipimo kikapotea siku hiyohiyo. Katika nyumba nyingi unene uliingia kwa mlango huo, polepole, pamoja na mafanikio.

Wakati mafuta yakipita bila kuulizwa, lawama zote hubebeshwa ugali. Imekuwa fasheni mijini kutangaza kwamba fulani ameacha ugali, au amekata wanga wote, na kwamba anaishi kwa nyama choma na parachichi. Bonge la ugali lililosongwa kwa gramu 120 za unga wa mahindi lina kilokalori 430 hivi, ambazo ni sawa na vijiko vitatu na nusu tu vya mafuta. Na kama unga huo ni wa dona, yaani uliosagwa pamoja na ganda na kiini cha punje, nyuzinyuzi zake humpa mlaji shibe ya muda mrefu kuliko sembe iliyokobolewa. Bonge lenye ukubwa wa ngumi mbili linaweza kupunguzwa likawa la ngumi moja na nusu bila vita, hasa kama nafasi iliyoachwa imejazwa mchicha, matembele au sukuma wiki, ambazo gramu 100 zake mbichi hazizidi kilokalori 50. Kiazi nacho ni mshtakiwa asiye na hatia hadi anapotumbukizwa kwenye karai: gramu 100 za kiazi cha kuchemsha hutoa kilokalori 85 hivi, na gramu 100 za chipsi hutoa kati ya 250 na 320, kwa kuwa maji yametoka na mafuta yamechukua nafasi yake. Sahani ya chipsi mayai, yenye gramu 250 za chipsi, mayai mawili na mafuta ya kuyaunganishia, haipungui sana chini ya 900, nayo huliwa kwa dakika kumi, mtu akiwa amesimama. Kwa mkimbiaji yule wa kilo 80, hizo ni kilomita 11 na ushee.

Yapo mapishi ya pwani ambayo yanahitaji uangalifu wa namna hiyohiyo, kwa sababu nyama ya nazi ina kilokalori 350 hivi katika kila gramu 100 na sehemu kubwa yake ni mafuta. Wapishi wa Unguja na Mombasa wanajua kulitenganisha tui la kwanza, liitwalo kasimele, na tui la pili lililo jepesi; samaki wa kupaka akipata kasimele na mboga ikapikwa kwa tui la pili, meza haionekani kuwa na njaa. Mwezi wa Ramadhani huwashangaza wengi kwa kuwaongezea uzito baada ya siku 30 za kufunga, na maelezo yake yako kwenye mkeka wa futari: mihogo na magimbi ya nazi, tambi zilizokaangwa na kutiwa sukari, sambusa, bajia, na kaimati zinazong'aa shira, vyote kwa pamoja, baada ya hapo daku. Hakuna anayependekeza kaimati ziondoke kwenye mkeka. Zingekuwa tamu vilevile kama zingepikwa siku za Ijumaa tu, na tende tatu na uji zikafungua siku zilizobaki.

Kuhusu vinywaji maelezo yanaweza kuwa mafupi, kwa sababu hesabu yake haina utata. Vijiko vitatu vidogo vya sukari katika kikombe cha chai ni gramu 12. Vikombe vinne kwa siku ni gramu 48, karibu kilokalori 190, na hapo mnywaji amekaribia kabisa ukomo wa gramu 50 unaotokana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000, kabla ya soda, juisi na keki. Bia ya mililita 500 ina karibu 200. Mtu anayekunywa bia tatu Ijumaa jioni na kukimbia kilomita 5 Jumamosi asubuhi anafanya mazoezi kwa ajili ya afya ya moyo wake, na hilo ni jema, lakini asiulize kwa nini kitambi hakiondoki.

Kosa la upande wa pili ni haraka. Kilo 1 ya mafuta ya mwilini huhifadhi takriban kilokalori 7,700, na kutokana na hesabu hiyo, iliyoenezwa na makala ya daktari Max Wishnofsky wa Marekani mwaka 1958, watu wamefundishwa kwamba anayepunguza 500 kila siku atapungua karibu nusu kilo kila wiki bila kikomo. Mwili haufuati mstari huo ulionyooka, kwa sababu kadiri unavyopungua ndivyo unavyohitaji nishati kidogo, na zaidi ya hapo hujilinda. Mtafiti Kevin Hall na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwafuatilia washiriki 14 wa shindano la televisheni la The Biggest Loser, ambao walikuwa wamepoteza makumi ya kilo katika miezi michache, na matokeo waliyoyachapisha mwaka 2016 yalionyesha kwamba miaka sita baadaye umetaboli wao wa mapumziko ulikuwa chini kwa kilokalori 500 hivi kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa uzito wao, na wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito ule. Mwendo wa nusu kilo kwa wiki, au hata chini ya hapo, unachosha macho ya anayesubiri, lakini mtu aliyeshusha asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake na kubaki hapo amepata sehemu kubwa ya faida za kiafya ambazo madaktari wanazitafuta. Mlo unaomsaidia kufika huko bila njaa kali ni ule unaoipa protini nafasi yake, na kwa bahati nzuri protini ya bei nafuu haijawahi kuwa mbali na jiko la Mwafrika Mashariki: dagaa, maharage, kunde, choroko, njegere, mayai. Mjamzito, mama anayenyonyesha, na mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au dawa zinazoshusha sukari wasianze kupunguza chakula kabla ya kuzungumza na mtaalamu wa afya, kwa kuwa sukari inayoshuka ghafla inaweza kuua.

Limebaki suala ambalo huzungumzwa kwa sauti ya chini. Kupungua, katika eneo hili, hakujawahi kuwa habari njema kwa majirani. Tangu katikati ya miaka ya 1980, wakati madaktari walipoanza kuandika kuhusu ugonjwa ulioitwa slim, yaani UKIMWI, huko Rakai, kusini mwa Uganda, wembamba wa ghafla ulibeba tuhuma, na kizazi kilichozika ndugu zake katika miaka hiyo bado humtazama aliyepungua kwa jicho la kuuliza. Kitambi, kwa upande mwingine, kilisomwa kama cheti cha maisha mazuri. Wataalamu wa lishe wa Tanzania wameleta neno kiribatumbo kwa ajili ya unene uliovuka mpaka wa afya, na takwimu zinaonyesha kwamba neno hilo linahitajika: katika utafiti wa taifa wa afya wa Tanzania wa 2015–16, asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na katika ule wa Kenya wa mwaka 2014 walikuwa asilimia 33. Watu hao hawakosi utashi wala hawakosi taarifa za mbio za Jumamosi. Wanakula chungu ambacho hawakukipima, mara nyingi wao wenyewe wakiwa ndio wapishi, na mara nyingi pia mume anayekwenda mazoezini ndiye anayelalamika mchuzi ukiwa mkavu.

Kwa hiyo mazungumzo ya kupunguza uzito yaanzie kati ya anayekula na anayepika, na yaanze na kitu kinachoweza kushikwa mkononi. Chupa ya lita 1 ya mafuta ya kupikia ina kilokalori zipatazo 8,280. Ikiisha kwa siku tatu katika nyumba ya watu watano, kila mmoja wao, mtoto na mkubwa, amekula wastani wa 550 kwa siku zilizotoka kwenye chupa hiyo peke yake. Ikidumu siku tisa, ni 184. Msomaji anayetaka kujua nyumba yake iko wapi kati ya namba hizo aandike tarehe ya leo ubavuni mwa chupa kwa kalamu ya wino mzito, asimwambie mpishi apunguze chochote kwanza, kisha atazame ni tarehe gani itakapoisha.